Hukumu ya 2015 imetua mezani kwa mhasibu: maswali yenu kuhusu kukatwa mshahara

Barua za mwezi huu nyingi zinafanana. Mtu alikopa zamani, au alimdhamini mtu, akadhani yameisha, sasa mwajiri kaletewa karatasi ya mahakama na mwisho wa mwezi unakaribia. Nimechagua tatu. Ya kwanza nitakaa nayo kwa sababu ina kila kitu ndani, hizo mbili nitaenda nazo haraka kidogo.

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni nesi hospitali binafsi hapa Morogoro. 2013 nilimdhamini mfanyakazi mwenzangu kwenye kampuni moja ya mikopo, milioni 4. Yule dada akaacha kazi akahama, simu haipatikani mpaka leo. Kumbe walitushtaki wote wawili mahakama ya wilaya na Machi 2015 hukumu ikatoka ya upande mmoja, bila mimi kusikilizwa, na samansi (wito wa mahakama) sijawahi kuiona hata kwa macho. 2016 wakanipigia simu wakanitisha sana nikatuma laki 9 kwa awamu, wakanyamaza. Juzi mhasibu kaniita, ipo amri ya mahakama nikatwe mshahara, na barua ya kampuni inasema nadaiwa milioni 38!! Watu kazini wananiambia deni likipita miaka 6 limekufa nisihangaike. Ni kweli? Na wanaweza kuchukua mshahara wote? Nina watoto wawili na mama ananitegemea.

JIBU: Marahaba dada yangu, pole sana. Nianze na hilo la miaka 6 maana ndo linalowaponza wengi, na hao wanaokuambia usihangaike hawatakuwepo siku mshahara unaingia nusu.

Miaka 6 ipo kweli kwenye Sheria ya Ukomo ya Tanzania, ila ni muda wa mtu kufungua kesi ya mkataba. Yaani kama kampuni ingekaa kimya miaka 6 tangu mkopo uliposhindwa kulipwa bila kwenda mahakamani, hapo sawa, wangekuwa wamechelewa. Lakini hawa walienda. Wakishapata hukumu hesabu inabadilika, mshindi ana miaka 12 ya kuomba hukumu yake ikaziwe, yaani itekelezwe. Hukumu ya Machi 2015 inaenda mpaka Machi 2027. Kwa hiyo bado iko hai, na inawezekana kabisa ndo maana wamezinduka sasa hivi, wakopeshaji nao wana watu wa kuwakumbusha tarehe.

Sasa jambo la kwanza, kabla hujampigia mtu wa kampuni, kabla hujasaini chochote, nenda masjala ya ile mahakama ya wilaya na namba ya kesi iliyoandikwa kwenye amri aliyonayo mhasibu. Omba kulipitia faili, lipia ada, toa nakala. Unataka vitu vinne: hukumu yenyewe, ile karatasi fupi ya amri inayotaja kiasi na riba, kiapo cha aliyepeleka samansi, na maombi ya kukazia hukumu waliyoleta juzi. Hukumu ya miaka ile itakuwa kwa Kiingereza cha mahakama maana Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya mahakama kwa sheria ya 2021, kwa hiyo tafuta mtu akusomee vizuri, usimwachie mhasibu akutafsirie kwa kukisia.

Tuanze na hiyo 38. Angalia kwa makini mahakama ilisema ulipe kiasi gani. Wakopeshaji wengi wana tabia ya kuendelea kuzungusha riba yao ya kwenye mkataba, ile ya kila mwezi, kana kwamba hukumu haijawahi kutolewa. Haiko hivyo. Kuanzia siku ya hukumu deni linabeba riba ya mahakama, na kanuni zinasema ni asilimia 7 kwa mwaka, isipokuwa kama mlikubaliana waziwazi kwa maandishi kiwango kingine na hata hicho kisizidi asilimia 12. Chukua mfano, tuseme hukumu ilikuwa ya milioni 6 jumla. Asilimia 7 ni laki 4 na elfu 20 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni milioni 4 na laki 2. Jumla milioni 10 na laki 2, ongeza gharama za kesi kama walipewa, toa laki 9 zako. Hata ukienda na asilimia 12 huifikii 38. Namba zako zitakuwa tofauti kidogo kutegemea karatasi inasemaje, ila umeona umbali uliopo kati ya hesabu ya mahakama na hesabu ya barua. Na mahakama inakazia kilichoandikwa kwenye amri yake, barua ya kampuni ni maneno ya kampuni.

Hizo laki 9 sasa. Hapa wengi wanaumia. Malipo yakishafanyika nje ya mahakama baada ya hukumu lazima yaripotiwe mahakamani yakaandikwe kwenye kumbukumbu, la sivyo mahakama inayokazia hukumu inaruhusiwa isiyatambue kabisa, inakuwa kama hukutoa hata shilingi. Aliyepokea ndo alitakiwa kuripoti, na wewe uliyelipa pia unaruhusiwa kuomba yaandikwe. Nenda kwa mtandao wako wa simu ukaombe taarifa ya miamala ya 2016, iwe na muhuri, weka pamoja na meseji zozote walizokutumia. Usichelewe kwenye hili, kadiri unavyokaa ndivyo wanavyopata cha kupinga.

Suala la kutokuona samansi. Hukumu ya upande mmoja inaweza kutenguliwa ukionyesha hukupata wito sawasawa au ulikuwa na sababu ya maana ya kutofika. Tatizo ni muda, kwa kawaida maombi hayo yanaletwa ndani ya siku 30. Wewe umepita miaka. Kwa hiyo unaanza na maombi ya kuongezewa muda, ukipewa ndo unaomba kutengua. Na kwenye kuongezewa muda mahakama za Tanzania ni kali, kuna uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa Lyamuya Construction dhidi ya bodi ya wadhamini wa YWCA, chama cha wanawake vijana Wakristo, ambao kila wakili anautaja mpaka hakimu anaukamilishia mwenyewe: ueleze ucheleweshaji wote, usiwe wa kupindukia, uonyeshe ulikuwa na bidii na si uzembe, au uonyeshe kuna kasoro ya kisheria ya wazi kwenye hukumu yenyewe. Ukisema nimejua tarehe 3 halafu ukaleta maombi mwezi uliofuata, utaulizwa siku zote hizo katikati ulikuwa wapi, na jibu la "nilikuwa natafuta hela ya wakili" huwa halibebi sana.

Na nikwambie ukweli, mahali watakapokubana ni 2016. Watasema ulijua tangu wakati ule ndo maana ulilipa. Jiulize vizuri na ukumbuke: walipokupigia walikwambia kuna hukumu, au walikutisha tu kwamba unadaiwa? Kulipa deni kwa kuogopa simu na kujua kwamba kuna kesi iliyoamuliwa ni vitu viwili. Kama zipo meseji za wakati ule na hazitaji kesi wala mahakama, hizo ni dhahabu, usizifute. Kama zinataja namba ya kesi, basi mimi ningekushauri usitumie hela yako kupigana na hukumu, pigana na kiasi tu.

Kiapo cha mpeleka samansi kisome mstari kwa mstari. Wengine wanaandika "nilimpa mkononi akakataa kusaini" na tarehe hiyo wewe ulikuwa zamu ya usiku na daftari la wodini lina saini yako, au ulikuwa likizo ya uzazi mkoani. Wengine wanasema walipitia kwa mwenyekiti wa mtaa ambao hujawahi kuishi. Na kuna wakati mahakama inaruhusu wito utangazwe gazetini, hapo utakuta kipande cha gazeti kwenye faili, na kipande hicho kinakufunga hata kama hukulisoma gazeti la siku hiyo. Nani analisoma kurasa zile, lakini ndo sheria.

Kitu kingine ambacho naona kwenye barua yako hakipo: notisi. Ikipita zaidi ya mwaka mmoja tangu hukumu, mahakama kabla ya kukazia inatakiwa imwite mdaiwa aje aeleze kwa nini hukumu isitekelezwe. Wewe umesikia kwa mhasibu. Kwa hiyo kwenye faili tafuta hiyo notisi, nani aliipokea, lini. Kama haipo au ilienda kwenye anwani ya 2013, hiyo ni hoja ya kuisimamisha amri sasa hivi wakati mengine yanajadiliwa, na mara nyingi hoja hii ina nguvu kuliko habari nzima ya samansi ya zamani.

Mshahara wote? Hapana. Mwajiri wako haruhusiwi kukata kwa barua ya mkopeshaji, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka makato yawe na msingi, ama sheria, ama amri ya mahakama, ama wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi. Amri ya mahakama ikiwepo anakata, hana ujanja, akikaidi linamgeukia yeye. Lakini mahakama ndo inayopanga ikatwe kwa mkupuo au kidogo kidogo kila mwezi, na sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai inaweka sehemu ya mshahara isiyoguswa. Hakimu hajui una watoto wawili na mama mpaka mtu amwambie. Peleka salari slipu za miezi ya karibuni, risiti za ada, mkataba wa pango, makato mengine uliyonayo tayari. Kama unakatwa na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ionyeshe, watu wanasahau kuitaja halafu wanabaki na nauli tu.

Pia usitishwe na maneno ya "tutakuja kubeba kila kitu". Nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, vifaa vya kazi vya fundi, hata nyumba unayoishi na familia yako, sheria ya Tanzania inavikinga visikamatwe kwa deni la kawaida la hukumu kama hili. Nyumba uliyoweka rehani hiyo ni habari nyingine. Na ile ya kufungwa ipo, gereza la madai, yaani kifungo cha kutolipa deni la hukumu, mpaka miezi 6, ila haitokei kwa simu ya afisa mikopo, ni mpaka hakimu akuite akusikilize, na anayeomba ufungwe ndo anayelipia matunzo yako ukiwa ndani. Ukiwaambia hivyo wengine wanapoa ghafla.

Kuhusu yule dada uliyemdhamini, kisheria mdhamini anabeba sawa na mkopaji, hawalazimiki kuanza naye. Ila kila shilingi utakayoilipa una haki ya kumdai yeye, kwa hiyo risiti zote ziwe na jina lako na zitaje deni hilo. Mtafute kupitia waliosoma naye au chama cha wauguzi, watu wa fani moja huwa hawapotei kabisa.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi: faili wiki hii, maombi ya kusimamisha utekelezaji mara tu nikishaona kasoro, na wakati huohuo nawaandikia kampuni kwa hesabu ya asilimia 7 nikitaja kiasi ninachoweza kwa mwezi. Wakikubali, makubaliano yapelekwe mahakamani yasajiliwe, yasiishie kwenye WhatsApp. Na kama wakili ni gharama, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, au andika kwa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake.

SWALI: Habari wakili. Mimi ni mwanahesabu kwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Bosi ameletewa barua na mawakili fulani kwamba dereva wetu ana deni la hukumu ya 2009 na wanataka mshahara wake wote utumwe kwao kila mwezi mpaka liishe. Bosi ananiambia nikate tu tusiingizwe kwa kesi za watu. Nifanye nini?

JIBU: Usikate. Barua ya wakili hata ikiwa na nembo ya dhahabu si agizo la korti. Jibuni kwa adabu: tunaomba nakala ya agizo lenye muhuri. Likija la kweli mtalitii, lisipokuja hamna kazi nalo, na mkikata bila agizo wala idhini ya dereva kwa maandishi yeye atawashtaki nyinyi.

Hiyo 2009 nayo ina shida. Sheria ya Kenya ya ukomo inasema hukumu haidaiwi baada ya miaka 12 tangu itolewe, na Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2007, kesi ya M'Ikiara M'Rinkanya, kwamba hiyo miaka 12 inafunga hata kukazia hukumu, si kufungua kesi mpya peke yake. Kwa hesabu ya kawaida ya 2009 iliisha 2021. Na hata kwa hukumu iliyo hai, riba ya nyuma zaidi ya miaka 6 haidaiwi. Lakini sikiza, si kazi yako wewe wa hesabu kuamua kwamba agizo limepitwa na wakati. Agizo likija na muhuri, mpe dereva nakala siku hiyohiyo, mwambie aende korti na hoja hiyo mwenyewe, akishindwa kumlipa wakili aende Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria la huko Kenya.

Na mshahara wote hapana, hata kwa agizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makato yote ukiyajumlisha yasizidi thuluthi mbili ya mshahara. Yote, pamoja na sacco na yale mengine. Kwa hiyo kama dereva anakatwa sacco nusu tayari, nafasi iliyobaki ni ndogo, mwambie bosi hivyo kwa maandishi ndo ujikinge wewe pia.

SWALI: Jambo wakili, niko Minnesota, nafanya kazi kiwandani. 2018 nilipata makaratasi ya kesi juu ya kadi ya benki ambayo sikumaliza kulipa, hayakuwa na namba ya kesi wala muhuri wa korti nikajua ni matapeli nikatupa. Sasa nimepata barua wanasema wana hukumu ya 2019 na watakata mshahara. Kampuni yenyewe siijui, si benki yangu. Waweza?

JIBU: Wanaweza kaka, na hilo la karatasi zisizo na namba limewakamata watu wetu wengi huko. Minnesota ni jimbo la ajabu kidogo, kesi inaanza siku unapokabidhiwa makaratasi, si siku yanapofunguliwa kortini, kwa hiyo karatasi halali inaweza isiwe na namba yoyote. Ukikaa bila kujibu kwa maandishi wanaenda kuchukua hukumu wewe ukiwa kazini. Wasomaji wengine wa huko chukueni hilo, ukipokea karatasi ya hivyo leo una siku 21 tu za kujibu.

Kampuni usiyoijua ni kwa sababu benki za Marekani zinauza madeni mabovu kwa bei ya chini, mnunuzi ndo anakudai. Hukumu ya Minnesota inaishi miaka 10, na kabla haijaisha wanaweza kufungua kesi ya kuihuisha, kwa hiyo ya 2019 usiingoje ijifie.

Sasa barua uliyopata. Kabla ya kugusa mshahara wanatakiwa wakutumie notisi ya misamaha, yaani ya kukueleza kipato kisichoruhusiwa kukatwa, siku 10 kabla, na naona ndiyo hiyo uliyo nayo. Ndani kuna fomu. Isome leo leo. Sheria ya jimbo inasema kama unapokea msaada wa serikali unaotolewa kwa kuangalia kipato, mfano msaada wa chakula au bima ya matibabu ya wasiojiweza, au uliupokea ndani ya miezi 6 iliyopita, mshahara wako haukatwi. Familia nyingi zetu zinaingia hapo na hazijui, wanatupa fomu wanakatwa bure. Weka alama, saini, ambatanisha ushahidi, rudisha kwao na ubaki na nakala.

Kama hupokei msaada wowote, bado kuna ukomo. Sheria ya Marekani nzima inasema wasizidi asilimia 25 ya unachobaki nacho baada ya kodi, au kile kinachozidi dola 217.50 kwa wiki, kidogo kati ya viwili, na majimbo yanaruhusiwa kukulinda zaidi ya hapo, Minnesota ni mojawapo. Mwajiri pia haruhusiwi kukufukuza kwa sababu ya makato ya deni moja, supavaiza akikutishia andika tarehe na maneno yake.

Kutengua hukumu ni kugumu kwako kwa sababu makaratasi uliyapata, kutupa si sawa na kutopata. Ingekuwa hayakufika kabisa, au yaliachwa nyumba uliyohama, ningesema twende. Hata hivyo piga simu Mid-Minnesota Legal Aid, waambie unataka mkalimani wa Kiswahili, hulipii, na uwe na ile barua mkononi unapopiga maana kitu cha kwanza watakachouliza ni tarehe iliyo juu yake.